Kupitisha umeme ndani ya paipu chini ya ardhi nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mwenye nyumba anayetaka kutoa umeme nyumba kubwa aupeleke nyumba ya uani, kwenye pampu ya kisima, taa za geti, kibanda cha mlinzi au fremu ya duka iliyo mbele ya kiwanja. Yamefuata hali ya Tanzania, ambako umeme wa nyumbani ni volti 230 na mafundi wengi wamefundishwa kwa kanuni za Uingereza, BS 7671. Msomaji wa Kenya au Uganda ataona mengi ni yaleyale. Ukiwa na haraka, anza na swali la maji na swali la ethi (waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja), kwa sababu hayo mawili ndiyo yanayoua watu.

Kwa nini nichimbe mtaro wakati waya naweza kuuvusha juu?

Unaweza kuuvusha juu, na kwenye kiwanja cha mwamba mtupu huenda ikawa njia bora, ilimradi iwe kebo ya kazi hiyo, ifungwe kwenye waya wa kuibeba, na ipite juu kiasi kwamba lori la mchanga haliigusi. Shida ni kwamba waya wa juu kwenye viwanja vyetu mara nyingi ni ule wa ndani ya nyumba, umefungwa kwenye mti au umelazwa juu ya bati. Jua linalikausha ganda lake mpaka linapasuka, upepo unausugua kwenye ukingo wa bati, na bati zima linaingia umeme bila mtu kujua. Wengine huanika nguo juu ya waya huohuo. Mtaro unakula jasho mara moja, lakini ukifukiwa vizuri waya hauguswi tena na jua wala upepo.

Naruhusiwa kuifanya kazi hii mwenyewe?

Kuchimba, kulaza paipu, kumwaga mchanga na kufukia, ndiyo, na hapo ndipo utaokoa fedha nyingi. Kuvuta nyaya, kuunganisha kwenye mein swichi na kupima ni kazi ya fundi mwenye leseni: Tanzania Bara leseni hiyo hutolewa na EWURA, Kenya hutolewa na EPRA, ambazo ni mamlaka za udhibiti wa nishati. Mwombe fundi akuonyeshe leseni kabla hamjakubaliana bei. Fundi wa kweli haoni aibu kuulizwa.

Kila kitu kilicho kabla ya mita, pamoja na mita ya LUKU yenyewe, si chako. Ni cha shirika la umeme, ambalo Tanzania Bara ni TANESCO. Usikate lakiri wala usichukue umeme kabla ya mita kwa sababu yoyote. Mbali na kuwa kosa la jinai, upande ule hakuna breka ya kukukinga: waya ukigusana utawaka mpaka fyuzi ya shirika iliyo nguzoni au kwenye transfoma ikatike.

Mtaro uwe na kina gani?

Chimba milimita 600, yaani futi mbili. Ukishindwa kabisa, usipungue 450. Kanuni za Uingereza hazitaji namba, zinasema tu kina kitoshe kuzuia madhara yanayoweza kutazamiwa. Za Marekani zinataja: inchi 18 juu ya paipu ya PVC, inchi 24 kwa kebo iliyozikwa bila paipu. Hizo ni kama milimita 450 na 600. Mimi nashikilia 600 kwa sababu ya namna tunavyotumia viwanja vyetu. Jembe la kulima mchicha haliendi mbali, lakini mtu anayechimba shimo la nguzo ya uzio au la kupanda mwembe anashuka na sululu bila kuuliza, na huyo ndiye wa kumfikiria unapochimba. Panapopita gari, kina kisipungue milimita 600, na juu ya paipu weka zege au matofali.

Chini ya mtaro toa mawe na mizizi iliyokatwa ncha, kisha mwaga mchanga laini wa sentimita 5 hadi 10. Laza paipu, funika kwa mchanga tena sentimita 10, halafu udongo uliochekechwa. Ukifika katikati ya kina, tandaza utepe wa tahadhari, ule wa njano au mwekundu wenye maandishi, kisha malizia kufukia. Utepe huu ni bei ndogo na watu wengi wanauruka. Usiuruke. Mchimbaji wa miaka kumi ijayo hatakuwa na fundi wako wa kumwonya; utepe ukinaswa kwenye sululu atasimama.

Kiwanja changu ni mwamba wa matumbawe. Sitafika futi mbili.

Hili ni la Unguja, Pemba, Mombasa na maeneo mengi ya mwambao. Fika unapofika, kisha fidia kwa ulinzi: tumia kebo iliyovikwa nyaya za chuma, ilaze kwenye mchanga, na funika kwa zege la sentimita 10 hivi upana wote wa mtaro. Zege liwe juu ya kebo lakini lisishikane nayo moja kwa moja, weka mchanga katikati, ili siku ya matengenezo livunjwe bila kuvunja kilicho chini.

Udongo mweusi wa mbuga una tabia nyingine. Masika unavimba, kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono, na mwendo huo unavuta viungo vya paipu mpaka vinaachana. Ongeza mchanga pande zote, na ukiweza tumia paipu ya rola isiyo na viungo.

Paipu ipi inafaa?

Paipu ya umeme ya PVC, ile nene, inatosha kwa kiwanja cha kawaida. Ipo pia nyembamba ya bei rahisi ambayo imetengenezwa kwa kuzikwa ukutani ndani ya plasta. Ukiibana kwa vidole inabonyea. Hiyo usiipeleke mtaroni. Ukishindilia udongo inakuwa bapa na hutavuta waya. Ile ya kukunjika yenye mikunjo nayo, kama haikutengenezwa kwa kuzikwa, iache.

Kwa masafa marefu napenda paipu nyeusi ya HDPE inayouzwa kwa rola, kwa sababu unaweza kwenda mita 50 au 100 bila kiungo hata kimoja, na kiungo ndiyo njia ya maji na mchanga. Kasoro yake ni kwamba kila mtu anaijua kama paipu ya maji. Fundi bomba akiiona ataikata kwa msumeno akitafuta maji. Ukiitumia, utepe wa tahadhari ni lazima, na andika “UMEME” kwa rangi kila mita chache kabla ya kufukia.

Mahali paipu inapochomoza kutoka ardhini kupanda ukutani, PVC nyeupe inaliwa na jua na inapigwa teke na kila apitaye. Ivike pale paipu ya chuma ya mabati, kuanzia chini ya ardhi hadi juu ya kimo cha kiuno. Kumbuka jambo moja kuhusu chuma: laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya unaourudisha) za laini moja zipite pamoja ndani ya paipu hiyohiyo. Ukipitisha laivu peke yake ndani ya paipu ya chuma, sumaku inayozunguka waya haipati wa kuifuta, na paipu inapata moto. Chuma chenyewe nacho kiungwe kwenye ethi.

Ukubwa wa paipu je?

Kubwa kuliko unavyodhani. Kanuni za Marekani zina kipimo rahisi kukumbuka: nyaya tatu au zaidi zisijaze zaidi ya asilimia 40 ya nafasi ya ndani, kebo moja peke yake isizidi asilimia 53. Kebo nyeusi ya nyaya tatu za milimita za mraba 6 ina kipenyo cha nje kinachokaribia milimita 15, hivyo paipu ya milimita 32 inaipokea kwa raha. Kwenye 25 ingeingia kwa kusukumana, na kwenye kona ya pili ingekwama. Tofauti ya bei kati ya 25 na 32 ni ndogo ukilinganisha na kuchimba upya.

Nivute waya upi ndani? Twini si itatosha?

Haitoshi. Twini bapa ya ndani ya nyumba haikutengenezwa kukaa kwenye unyevu miaka yote, na umbo lake bapa linakataa kupinda kwenye kona. Nyaya za singo, zile zenye ganda moja tu la rangi, nazo ni za paipu kavu ndani ya ukuta. Mafundi wengi wanazivuta chini ya ardhi kwa sababu ndizo zilizopo kwenye begi.

Tumia kebo yenye ganda la pili la nje, ya duara, iliyoandikwa 0.6/1 kV. NYY, ile nyeusi, inafaa. Bora zaidi ni kebo iliyovikwa nyaya za chuma chini ya ganda la nje. Hiyo hata sululu ikiifikia, chuma kilichoungwa na ethi kinaguswa kabla ya laivu, na umeme unakatika kabla ya mchimbaji kudhurika, kama RCD (swichi inayokata umeme unapovuja) ipo mahali pake. Kebo ya namna hiyo inaweza kuzikwa bila paipu kabisa. Paipu utaihitaji tu chini ya sakafu, chini ya njia ya gari, na kwenye kuta.

Unaponunua, kwangua ganda la ncha na ukwaruze uzi mmoja wa waya kwa wembe. Shaba ni nyekundu mpaka ndani. Kama ni nyekundu juu na nyeupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba. Inapitisha umeme mdogo kuliko shaba ya unene uleule, na kwenye skrubu inalegea na kuchoma. Tafuta alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na maandishi ya ukubwa kwenye ganda, na umkatae muuzaji anayekataa usikwaruze.

Nikigundisha viungo vyote vizuri, maji hayataingia, au siyo?

Yataingia. Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mwenye nyumba alishike. Paipu iliyozikwa inazuia jembe na inakuwezesha kubadilisha waya bila kuchimba. Kazi ya kuzuia maji haiwezi.

Hata paipu isiyo na tundu hata moja hupata maji, kwa sababu hewa ndani yake haikosi unyevu. Mchana hewa ya joto inaingia kupitia ncha zake, usiku ardhi inaipoza, na matone yanajikusanya ndani kama jasho la chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Yanateremka mpaka sehemu ya chini ya paipu na kukaa. Baada ya misimu michache una maji yaliyosimama, na kebo imelala ndani yake. Kwa hiyo chagua kila kitu ukijua kwamba paipu itajaa: kebo ya nje, hakuna kiungo cha waya ndani, na RCD juu ya laini hiyo.

Gundi viungo hata hivyo, maana gundi inazuia udongo, mizizi na mchwa. Paipu iwe na mteremko kidogo kuelekea upande mmoja, na kama upande wa chini kuna chemba, iwekewe kokoto chini maji yanywee. Ncha zinazoingia kwenye nyumba au kwenye boksi la swichi zizibwe kwa silikoni au sponji ya kuziba, ili hewa ya ndani isivutwe mtaroni. Na paipu iingie kwenye boksi kutoka chini, kamwe si kutoka juu. Ikiingia kutoka juu, maji yote ya paipu yanaishia kwenye breka.

Waya wa ukubwa gani kwa umbali wangu?

Watu huangalia ampea tu na kusahau umbali. Waya unakula volti, na unapozidi urefu ndivyo unavyokula zaidi. Kanuni za Uingereza zinataka upotevu usizidi asilimia 3 kwa taa na asilimia 5 kwa vingine. Hesabu yake si ngumu: kila ukubwa wa waya wa shaba una kiasi cha milivolti unachopoteza kwa kila ampea kwa kila mita. Waya wa milimita za mraba 2.5 unapoteza 18, wa 4 unapoteza 11, wa 6 unapoteza 7.3, wa 10 unapoteza 4.4. Zidisha kwa ampea, zidisha kwa mita za kwenda tu, kisha gawa kwa 1,000 upate volti.

Chukua pampu ya kisima ya nguvu-farasi 1, inayokula ampea 6 hivi, iliyo mita 60 kutoka mein swichi. Kwa waya wa 2.5: 18 mara 6 mara 60 ni milivolti 6,480, yaani volti 6.5. Hiyo ni asilimia 2.8, na kwenye karatasi inapendeza. Lakini mota inapoanza kuzunguka inavuta mara tano au sita ya ampea zake. Kwa sekunde hiyo waya huohuo unapoteza karibu volti 39. Kama jioni mtaani kwako umeme umeshuka mpaka 200, pampu inapata 161, inaguna bila kuzunguka, na koili zinaungua. Kwa waya wa 4 upotevu wa kuwasha unashuka hadi volti 24 hivi. Pampu nyingi zinazolaumiwa kuwa feki ziliuawa na waya mwembamba.

Nyumba ya uani inayotumia ampea 30 kwa mita 40: waya wa 6 unapoteza volti 8.8, asilimia 3.8, waya wa 10 unapoteza 5.3, asilimia 2.3. Ndani kuna taa, kwa hiyo nenda na 10. Breka ya upande wa nyumba kubwa ichaguliwe kulinda waya huo. Mtu anayetaka kubadilisha breka iwe kubwa kwa sababu “inakatika sana” anaondoa ulinzi na kuacha tatizo.

Fundi anasema ethi ya nyumba ya uani tupige rodi yake tu (fimbo ya chuma inayopigwa ardhini), tusivute waya wa ethi kutoka nyumba kubwa. Ni sawa?

Rodi ya pili ni nzuri. Rodi peke yake bila RCD ni hatari, na ningependa uelewe kwa nini, maana hapa ndipo watu wanadanganyika kwamba wana ethi kumbe hawana ulinzi.

Tuseme rodi ina ukinzani wa omu 50, kiasi cha kawaida kabisa kwenye udongo wetu kiangazi. Laivu ndani ya jokofu inagusa bodi, yaani chuma chake cha nje. Umeme unateremka kwenye waya wa ethi, unaingia ardhini kupitia rodi na kurudi hadi transfoma. Volti 230 gawa kwa omu 50 ni ampea 4.6, na kwa kweli itakuwa chini ya hapo kwa sababu ethi ya transfoma nayo ina ukinzani wake. Breka ya ampea 20 inaiona 4.6 kama pasi ndogo imewashwa. Haikatiki. Bodi la jokofu linabaki na sehemu kubwa ya volti 230, saa baada ya saa, likimsubiri mtoto anayekwenda peku kuchukua maji ya kunywa.

Ndiyo maana RCD ya miliampea 30 ni ya lazima. Yenyewe haingojei ampea 20. Inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na tofauti ikifikia miliampea 30 inakata. Kwa hesabu, hata rodi ya omu 1,667 ingetosha kuifanya ikate kabla bodi halijazidi volti 50. Lakini rodi inayozidi omu 200 si ya kuaminika, kiangazi kikikaza inaweza kupanda sana. Piga rodi ndefu, au mbili zilizoachana, mahali penye unyevu, na mpime.

Kisha vuta waya wa ethi pamoja na laivu na nyutro, ndani ya kebo ileile, uungane na ethi ya nyumba kubwa na rodi ya uani. Rodi mbili zikishirikiana ukinzani unapungua, na moja ikioza kwa chumvi au ikikatwa na mchimbaji, nyingine ipo. Tena majengo yote mawili yanakuwa na ethi moja, hivyo mtu anayeshika bomba la maji la chuma lililotoka huku na jokofu la kule hajikuti kati ya ethi mbili zenye volti tofauti.

RCD ikae nyumba kubwa, mwanzoni mwa laini, ili ilinde na mtaro pia. Ukitaka nyingine uani, ya kule iwe miliampea 30 na ya nyumba kubwa iwe 100 yenye kuchelewa kidogo, la sivyo hitilafu ya uani itazima nyumba zote mbili. Kila baada ya miezi michache bonyeza kitufe cha T. Kisipokata, badilisha.

Jirani ametumia ardhi kama nyutro, anavuta laivu tu. Taa zinawaka.

Taa zinawaka, na ardhi inayozunguka rodi yake ina umeme. Mtu au ng'ombe akikanyaga pale, miguu yake inapata volti tofauti. Mwambie azime leo.

Rangi zinanichanganya. Nyekundu na nyeusi, au kahawia na bluu?

Zote mbili zipo kwenye nyumba zetu. Mfumo wa zamani wa Kiingereza ulikuwa laivu nyekundu, nyutro nyeusi. Uingereza ilianza kuhamia rangi za Ulaya mwaka 2004, na kuanzia 2006 kazi mpya zote zikawa laivu kahawia, nyutro bluu. Ethi ni kijani na njano. Dukani utauziwa zote.

Kwa fezi moja huhitaji kuumiza kichwa. Hatari iko kwenye fezi tatu. Zamani fezi zilikuwa nyekundu, njano na bluu, nyutro nyeusi. Sasa fezi ni kahawia, nyeusi na kijivu, nyutro bluu. Maana yake waya mweusi ambao jana ulikuwa nyutro leo ni fezi, na bluu iliyokuwa fezi leo ni nyutro. Mahali kebo mpya inapokutana na wayaringi ya zamani, pima kwa mita kabla ya kufunga skrubu, funga tepu ya rangi sahihi kwenye ncha, na bandika karatasi ndani ya boksi kwamba rangi za aina mbili zimo. Usiamini rangi hata kama nyumba umeijenga mwenyewe.

Namna gani ya kuvuta bila kukwama?

Kazi inaharibikia kwenye kona. Usitumie elbo kali za maji. Tumia bendi ndefu, au pasha paipu moto taratibu uikunje ukiwa umeingiza springi ndani isibonyee. Kona za nyuzi 90 zisizidi mbili kati ya chemba na chemba. Ukihitaji ya tatu, weka chemba. Kila ukikata paipu, kwangua kingo za ndani mpaka laini, maana ukingo mkali unachuna ganda la kebo kimyakimya. Gundi iache ikauke mpaka kesho yake. Ikiwa mbichi ndani, kebo inanasa.

Kamba uiingize wakati unaunganisha paipu, kipande kwa kipande. Ukiwa umeshasahau, funga uzi wa nailoni kwenye kipande cha sponji na ukivute upande wa pili kwa mashine ya kunyonya vumbi, au tumia springi ya mafundi. Vuta nyaya zote kwa mara moja, mtu mmoja akisukuma huku akinyoosha kebo, mwingine akivuta kwa mwendo mmoja bila kushtua. Poda ya mtoto inasaidia, na ipo dawa maalumu ya kuvutia nyaya. Grisi na oili ya gari hapana. Zinalainisha PVC mpaka inavimba.

Ukimaliza, acha kamba nyingine ndani.

Kebo imepungua mita mbili. Naweza kuunga ndani ya paipu?

Hapana. Tepu ya umeme chini ya ardhi inaachia masika ya kwanza. Nunua kebo kamili, au weka chemba yenye boksi la kuzuia maji mahali pa kuunga.

Paipu ya maji na waya wa intaneti vinaweza kupita mtaro huohuo?

Mtaro mmoja, ndiyo, paipu mbalimbali. Acha angalau sentimita 30 kutoka paipu ya maji, na usipite juu ya karo wala shimo la maji taka, kwani siku ya kulizibua hakuna atakayekumbuka umeme. Waya wa kamera, intaneti au kengele ya geti uwe na paipu yake. Ukivuta pamoja na umeme, ganda likichubuka volti 230 zinaingia kwenye kifaa ambacho mtu anakishika mkononi.

Mvua ikinyesha RCD inakatika, ikikauka inarudi. Nifanye nini?

RCD inakuambia ukweli: umeme unavuja kwenye unyevu. Mtu akikushauri uipite kwa waya wa moja kwa moja, kataa.

Zima, kisha fundi atenganishe laini ya uani kwenye mein swichi, laivu na nyutro zote mbili. Wengi wanatoa laivu tu kwa kuzima breka, halafu wanashangaa RCD bado inakatika, kumbe nyutro inayogusa maji nayo inaikata. Zikishatenganishwa zote na RCD ikatulia, tatizo liko mtaroni au kule mwisho. Aende uani atenganishe kebo inapoingia. Sasa kebo imebaki yenyewe, ncha zote wazi, na anaweza kuipima kwa mega, kifaa kinachoonyesha kama ganda la waya ni zima.

Mara nyingi kebo inakutwa nzima, na mkosaji ni taa ya geti iliyojaa maji, boksi la pampu lisilo na mpira, au soketi ya nje iliyogeuzwa kiota na mijusi. Anza huko kabla hujashika sululu. Ukikuta nyutro ya uani imeunganishwa na ethi mahali fulani, itenganishe. Kiungo hicho peke yake kinatosha kuifanya RCD ikatike ovyo, hata jua likiwaka.

Mchwa na panya wanakula waya?

Mchwa wanatafuna ganda la PVC, na panya pia. Viungo vilivyogundishwa na ncha zilizozibwa vinawazuia wengi wao. Panapojulikana kwa mchwa, kebo ya chuma ndiyo jibu. Dawa ya mchwa inayomwagwa mtaroni inaisha nguvu baada ya muda, na kisima chako kiko karibu, kwa hiyo siipendi.

Kipi kipimwe kabla ya kufukia?

Mwambie fundi apime kwa mega mara mbili, kebo ikiwa bado imelala wazi mtaroni na tena baada ya kufukia na kushindilia. Kipimo ni volti 500 za mkondo mnyoofu (DC), vifaa vyote vikiwa vimetolewa, kati ya laivu na nyutro, laivu na ethi, nyutro na ethi. Kanuni inataka isipungue megaomu 1, ila kebo mpya iliyo nzima husoma mamia. Ikisoma 3 au 5, kanuni imeridhika lakini wewe usiridhike: ganda limechubuka mahali, na mtaro bado uko wazi. Apime pia mwendelezo wa waya wa ethi toka mwanzo hadi mwisho, na ukinzani wa rodi, na amuonyeshe mwenye nyumba RCD ikikata.

Kabla ya udongo kurudi, piga picha mtaro mzima ukiwa na tepu ya kupimia imelazwa pembeni, kuanzia kona ya nyumba, kisha chora ramani yenye umbali kutoka ukuta na kina. Nakala moja ibandike ndani ya mlango wa mein swichi, nyingine iwekwe pamoja na hati ya kiwanja, ili atakayenunua nyumba aipate.